Bwana Athari wa Bondeni

Jina lake nalijua, lakini nikilitaja hapa Kibiti hakuna atakayegeuka. Sema Bwana Athari, na hata muuza karanga wa stendi atakwambia, "Aah, yule aliyetuhamishia barabara!" Atalisema bila kuonyesha kama anasifu au analaani, maana mwenyewe hajaamua.

Alipanga chumba changu cha uani miaka kadhaa, akienda na kurudi. Kampuni moja ya washauri kutoka Dar ilikuwa imemtuma aangalie ile barabara mpya ya kuelekea deltani, kama ikijengwa itaharibu nini na itafaa nini. Kazi hiyo ina jina refu: tathmini ya athari kwa mazingira. Sisi tukachukua neno moja tu tukamvika hilo. Kwao ni bara. Wazazi wake na shule alizosoma sina habari nazo na sikuwahi kuuliza. Mimi nilimpokea akiwa mtu mzima, mvi zimeanza, goti moja bovu, koti la mvua limekunjwa kwapani hata siku za jua kali. Nitasimulia habari za huyo.

Kituko chake cha kwanza ni kwamba mtu wa barabara alikuwa hawezi gari. Alipewa gari refu jeupe na dereva wake, na kutoka Kibiti kuelekea bondeni, kijiji chetu nilikozaliwa, alikuwa analisimamisha njia nzima ateremke kutapika. Mwishowe akachoka, akawa anateremka mapema na kutembea kwa miguu. Dereva alimfuata nyuma taratibu kama anayesindikiza jeneza. Watoto walitoka kutazama. Nilimuuliza siku moja, naye anavua viatu vilivyojaa mchanga:

"Kaka, wewe gari huliwezi, barabara unajengaje?"

"Sijengi, dada. Mimi nauliza tu."

"Unauliza nini?"

"Ikijengwa, nani atalia."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya wasomi, ya kupamba mshahara. Lakini kweli aliuliza. Alimuuliza mvuvi wa kambale maji yanaanza kuingia upande gani. Alimuuliza mama mwenye mapacha nguo anazianika wapi mafuriko yakija. Mabibi waliopenda zaidi Kindengereko chao nilimtafsiria mimi, na mmoja akichekeshwa na swali, Bwana Athari aliacha kicheko kiishe chenyewe kabla ya kuuliza jingine. Wakati mtu anaongea hakuandika hata neno. Alisema mtu akiona kalamu huanza kuzungumza na serikali. Basi watu wakampenda, maana nani asiyependa kuulizwa? Wengi wetu tumezoea kuambiwa.

Alikuwa na msemo wake, "Kila kitu kina upande wa pili." Aliutumia mpaka ukachakaa. Ukimwambia mvua imenyesha vizuri, kila kitu kina upande wa pili. Nikimpakulia kisamvu nikauliza kimekolea nazi, kila kitu kina upande wa pili. Hiyo siku nilimwondolea sahani, nikamwambia akale huo upande wa pili. Aliniomba radhi akirudisha mikono kifuani kama mtoto wa chuo mbele ya maalimu.

Na pande mbili mwenyewe alikuwa nazo tele. Aliwasema wakata mikoko kwa ukali, halafu jioni anaota moto wa mkaa wangu na kusifu chai. Vipisi vya sigara hakutupa chini hata kimoja, alivitia kwenye kiberiti kitupu mfukoni, ila kuvuta hakuacha. Katika kazi yake vyura walikuwa na heshima kubwa. Alisema bonde lenye vyura ni bonde lenye afya, akawa anakwenda kuwasikiliza magharibi akiwa amevaa mabuti. Lakini chura akiingia chumbani, nilisikia "Dada! Dada!" na kumkuta amepanda kitandani. Nilimfagia mgeni nje, nikamuuliza kama niandike kuwa ameathirika.

Mwanzo alikuwa anakula peke yake, mlango umerudishwa. Hapa kwetu anayekula peke yake ama ni mgonjwa ama amegombana na watu. Nikamvumilia kidogo, kisha nikamgongea. "Toka uje kwenye sinia. Unatutia aibu na majirani." Akatoka, akaketi pembeni, akala kwa woga upande wake bila kuvuka mpaka. Baadaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunawa.

Mke na watoto walikuwa Morogoro. Aliwapigia jioni za Ijumaa, amekaa kwenye ngazi ya uani, simu amefungua sauti kwa sababu sikio moja lilikuwa zito. Basi na mimi nikasikia, nitaziba vipi? Mwanzo watoto walikuwa wanagombea simu. Miaka ilivyokwenda mazungumzo yakapungua. "Mmekula?" Tumekula. "Shule?" Nzuri. "Mama yenu yupo?" Ametoka. Akikata simu aliniuliza mambo ambayo alikwisha kuyajua, kama vile bei ya mchele au lini mafundi watakuja kuezeka choo. Nilimwonea huruma sana. Huruma yangu huja na ukali, ndivyo nilivyoumbwa, kwa hiyo nilimwambia achukue ufagio afagie uwanja. Alifagia vizuri mno.

Huyo ndiye mtu ambaye kijiji chetu kilimpa shamba.

Aliyempa ni mzee muadhini wa msikiti wetu, mtu asiye na maneno mengi. Alimwona akipita bondeni kila uchao, akamwonyesha kipande kilichopakana na shamba la marehemu baba yangu, akasema, "Mwanangu, utatazama mpunga wa watu mpaka lini? Lima na wewe." Vijana wakamjengea dungu. Asiyelijua bonde letu aelewe kuwa dungu ni kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Msimu wa mpunga familia nzima huhamia huko, wakala na kulala juu, maji ya mafuriko yakapita chini yao. Mafuriko kwetu si balaa. Yasipokuja ndipo tunapofunga mikanda, maana ndiyo yanayotuletea tope jipya.

Siku aliyopanda dungu lake mara ya kwanza ndiyo siku niliyomsikia akicheka kwa sauti. Alipiga magoti akajaribu sakafu kwa viganja, akachungulia kila upande, akaita, "Dada, naona hadi kwenu!" Akawa anamaliza kazi ya kampuni na kukimbilia bondeni. Alirudi kwangu na tope hadi mapajani, amebeba kambale aliyepewa na jirani. Msikitini walimwachia nafasi yake. Vibibi walimwita mwanetu. Mtu ambaye nyumbani kwake anaambiwa "tumekula" na simu inakatwa, hapa alikuwa anatafutwa asipoonekana siku mbili. Nilimwona anavyonenepa. Kupoteza mahali pale kungemuua, nami nilijua hivyo hata kabla ya kuwapo sababu ya kuogopa.

Sababu ikaja na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi: ikate bonde moja kwa moja juu ya tuta la udongo, ipite mbele ya msikiti na shule, ifike kijijini kwetu. Ya pili ilizunguka kwa juu, kwenye mwinuko, mbali na kijiji kiasi cha kumchosha mwenye mzigo kichwani. Watu wote, nami nikiwamo, tulitaka ile fupi. Mwanamke akishikwa na uchungu tulikuwa tunambeba kwa mtumbwi, halafu machela, ndipo tupate gari la kumfikisha hospitali ya Mchukwi. Wengine hawakufika. Kaburi la shangazi yangu na kichanga chake liko njiani humo humo.

Mkutano ukaitishwa uwanja wa shule. Bwana Athari angeweza kusema kuwa uamuzi si wake, ni wa wakubwa, na lingekuwa neno la kweli. Hakusema hivyo. Alisimama akaeleza kwamba tuta litageuka ukuta, maji ya mafuriko yatabaki upande mmoja, na mashamba yote ya upande wa pili yatakauka. Akasema atapendekeza njia ya juu.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza kwa upole, "Lakini si wataweka makalavati, bwana?"

"Kalavati linapitisha maji ya mto mdogo, mwenyekiti. Mafuriko yenu hayapiti kwenye tundu. Yanatandaa."

Akasimama kijana mmoja ambaye mkewe alikuwa mjamzito. "Mzee, siye tumekupa shamba. Tumekujengea dungu. Leo wewe unalinda vyura na siye tunazika wake zetu?"

Uwanja ukawaka. Wengine walipiga makofi, wengine walimwita mwizi wa barabara. Bwana Athari alibaki amesimama. Mkono wake ulikuwa unatafuta mfuko wa koti na hauuoni. Akasema, "Mwanangu, barabara itakuja. Nataka ije na bonde libaki." Hakuna aliyemsikia isipokuwa sisi wa mbele. Mzee muadhini alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mchanga kwa bakora.

Kwetu salamu hainyimwi mtu, basi aliposalimu waliitikia. Lakini iliishia hapo. Hakuna aliyeongeza habari za nyumbani, wala aliyesema karibu. Kambale hawakuletwa tena. Ilipofika siku ya kulima, ambapo watu huanza shamba la huyu wakamalizia la yule, waliruka shamba lake wakaingia la baba yangu. Alikuwa amevaa tayari, jembe begani, amesimama kwenye ukingo. Akalima peke yake mpaka goti likakataa. Nilimchukia kila mtu siku ile, na yeye nikamchukia pia kwa kutokujua kusema uongo mdogo.

"Ungenyamaza tu," nilimwambia usiku tukila. "Ungeandika huko huko Dar, nani angejua?"

"Wao wangejua, maji yasipokuja."

"Ungekuwa umeshaondoka."

"Ndiyo maana," alisema, na hakumaliza chakula.

Wakubwa wakakubali njia ya juu. Akafunga mizigo. Kijijini alikwenda kuaga, akarudi mapema mno. Mlangoni kwangu alishika mkono wangu kwa mikono miwili, nami nikamfokea kuhusu taulo alilolisahau kwenye kamba ili tusilie wote.

Barabara ilijengwa, na ni nzuri. Nisiwe mnafiki, nimeipanda na kuibariki. Mafuriko yalikuja kama zamani, yakatandaa, mashamba yakapata tope lake. Wenye midomo mirefu wakaanza kusema, "Kumbe yule mtu alisema kweli." Mke wa yule kijana wa mkutanoni alijifungua mtoto wa pili Mchukwi, mzima, kwa gari lililomchukua kule juu. Ikabaki kutembea kutoka kijijini hadi barabarani tu. Kijana akaona amsogeze mkewe karibu. Akajenga barabarani. Ndugu yake akafuata kwa sababu ya umeme, mwingine kwa sababu ya shule mpya, mwingine kwa biashara ya chipsi. Hakuna aliyehama kwa ubaya, na hakuna aliyefukuzwa. Ila kila aliyehama alisema shamba lake atalilima vilevile, akishuka asubuhi na kupanda jioni.

Mpunga haulimwi hivyo. Ukichanua unataka mtu juu ya dungu tangu alfajiri, awaamie ndege. Na mtu mmoja hafui dafu. Zamani kweleakwelea wakishuka shamba hili, mwenyewe anapiga debe na kuita, wanainuka. Wakienda shamba la pili wanakutana na sauti nyingine, la tatu nyingine, bonde zima linaitikiana hadi ndege wanachoka na kwenda zao porini. Katika kuitana huko ndimo mlimopita habari za nani kajifungua na nani anaumwa. Madungu yakipungua, ndege wanaruka kidogo, wanageuka, wanashuka ng'ambo ya shamba lile lile. Wa mwisho kubaki hula hasara ya wote. Jambo hili halikusemwa kwenye mkutano wowote. Bwana Athari hakuliuliza, na wazee wetu hawakulitaja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona bonde lisilo na watu. Mzee muadhini alilima hadi mwaka aliokufa.

Msimu huu mpunga ulipoanza kuchanua, dereva wa bodaboda aliniambia stendi, "Bibi, yule mpangaji wako wa zamani yupo bondeni. Yuko peke yake kule, kama mwehu."

Nilikasirika kwanza. Amekuja bila kunipitia! Kisha nikapika wali na samaki, nikafunga sufuria kwa kanga, nikamwambia yule wa bodaboda anipeleke na angoje juu barabarani. Nilishuka polepole, mguu wangu siku hizi una amri zake. Madungu niliyokulia yalikuwa yamelala ubavu, mengine yamebaki nguzo. Moja tu lilikuwa na makuti mapya. Juu yake mtu mwembamba alikuwa anapiga debe.

"Hodi bondeni!"

"Karibu, dada! Karibu sana!" Aliteremka akishikilia ngazi kwa viwiko. Mvi zilikuwa zimemaliza kichwa.

"Nimekukosea nini, hata usipite kwangu?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Maji si yamekuja?"

"Yamekuja," alisema. Akatazama shamba lake, ambalo upande mmoja mashuke yalikuwa yamebaki makapi matupu. "Maji nilipatia."

Tulikula kutoka kwenye sufuria moja, tumeketi kivulini chini ya dungu. Amestaafu, mkewe anakaa na binti yao, watoto wana maisha yao. Aliyasema bila kulalamika. Nikamuuliza kilichomleta. Alisema mzee muadhini alimpa shamba na hakulidai tena, na sasa mzee amekufa, yeye hana wa kumrudishia. Halafu akaacha kutafuna.

"Nilifikiri nikianza mmoja, wa pili atashuka. Barabarani naonekana. Nimewasha moto kila jioni ili moshi uonekane."

"Ameshuka nani?"

"Wewe."

Akanionyesha kwa kidole shamba la baba yangu lililojaa magugu. "Mwakani, dada. Tungeweza kulianza kidogo, hapa kwenye mpaka. Miguu ikikukataa mimi nitalima, wewe ukae juu uite tu."

Nina sukari na presha, na wajukuu wawili nilioachiwa niwalee Kibiti. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kuwa hakuna atakayeshuka, si mwakani wala mwaka mwingine, arudi Morogoro kwa binti yake au aje akae chumba changu cha uani, hakina mtu. Nilisema kwa ukali. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa anasikiliza watu zamani, akanishukuru kwa samaki, kisha akasema ndege wamerudi, akapanda ngazi.

Nikachukua sufuria yangu nikaondoka. Nilipokuwa katikati ya shamba letu, nyasi zimenifika kifuani, nilimsikia akipiga debe na kuita. Kundi likainuka kwake, likageuka, likaja upande wangu kutafuta pa kushukia. Niliweka sufuria chini nikaita kwa nguvu zangu zote, vile alivyokuwa anaita mama yangu. Ndege wakapaa juu zaidi.

Kule kwake debe likakoma. Kisha akaita, sauti imepanda, nami nikaitikia. Akaita tena. Tuliwazungusha ndege wale hata wakashika njia ya porini, nami koo limekauka na machozi yananitoka, na sikuona aibu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Honi ya bodaboda ikalia kule juu. Nikajitwika sufuria nikaanza kupanda mwinuko. Nyuma yangu Bwana Athari aliendelea kuita. Anaita, ananyamaza kidogo kungoja, halafu anaita tena, mpaka nilipofika kwenye lami.